UZI: Vitabu vya Kiswahili vya kila aina. Uanzie kipi, watu hukwama wapi, wajinasueje?

Baraza la Ngamiani (mleta uzi)

Wagosi na wageni wetu, salaam.

Kuna hoja haifi hapa Tanga: eti vitabu vya Kiswahili vinachosha. Mimi nasema watu wanaingilia dirishani. Mtu hajapata kusoma utenzi hata mmoja, anashikishwa Al-Inkishafi. Hamjui mwandishi Kezilahabi, anaanza na riwaya yake ngumu, Nagona. Akifika ukurasa wa kumi anakitupa, na lawama inabebeshwa lugha nzima.

Masharti ya uzi ni mepesi. Taja aina ya kitabu, taja cha kuanzia, sema mahali ambapo msomaji hukwama na sababu yake. "Kitabu kizuri sana, kisomeni" hapana. Na visa vya maisha yetu tuviachie baraza la kahawa, hapa tuzungumzie vitabu.

Nafungua na mtu wa kwetu. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani mwaka 1909 na kazikwa Machui, kwa hiyo Tanga hatuna udhuru wa kutomsoma. Kosa linalofanywa ni kuanza na Kusadikika kwa sababu ndicho kinachotajwa sana. Anza na Adili na Nduguze. Pale mwanzoni kabisa unakuta mtu mwema anayeheshimiwa, tena mtawala, lakini kila usiku anachapa manyani wawili. Swali la "kwa nini?" linakuvuta mpaka mwisho. Kisa chenyewe kina asili katika hekaya za Alfu Lela Ulela, ila Shaaban kakigeuza kikawa chake.

Ukimaliza hapo ndipo uingie Kusadikika (1951). Ni kesi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita: pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Watu huchoka kwenye mjumbe wa tatu, maana kila safari ina umbo moja: mjumbe anatumwa, anaona mema, anarudi nayo, anaadhibiwa. Sasa kile kinachochosha ndicho hoja yenyewe ya mshtakiwa. Dawa yake: soma mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, na pambizoni andika kitu kimoja tu ambacho mjumbe yule alikileta na Kusadikika ikakikataa. Siku ya sita unayo orodha ya mambo sita, na ukikumbuka kitabu kilitoka nchi ikiwa chini ya Mwingereza, utaelewa kwa nini nchi ile inaelea hewani.

Msitafute kwake wahusika wenye sura mbili mbili. Mtu akiitwa Majivuno ni majivuno, akiitwa Hasidi ni hasidi. Utubora Mkulima kiacheni mwisho, mawaidha yamezidi kisa.


Mwana wa Pangani

Mleta uzi umenena. Mimi naleta tenzi, na sitoki mkoani.

Cha kuanzia: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Kwa nini huo na si Utendi wa Tambuka au Al-Inkishafi? Kwa sababu hizo mbili ni za Kiswahili cha kaskazini, Pate na Lamu, na mtu wa Mrima anapambana na lahaja kabla hajapambana na maana. Hemedi anaongea Kiswahili cha pwani yetu, na mahali anapopataja unaweza kupafikia kwa daladala.

Kabla ya kusoma, jueni mashine yenyewe inavyofanya kazi. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani (yaani silabi) nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, kinabadilika ubeti hadi ubeti. Cha nne kinabeba kina cha bahari, hicho hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisoma kimyakimya kama gazeti, utaona maneno yamepinduliwa bila sababu. Ukisoma kwa sauti, sababu unaisikia: mshairi anakimbilia kina.

Wengi hukosea kuhesabu mizani kwa sababu wanaimeza "m". Jaribu: tu-li-fi-ka-kwa-ma-shu-a, nane. Wa-ka-shu-ka-na-m-to-to, nane vilevile, kwa sababu "m" ya mtoto ni mzani kamili. Lakini "mwa" ya mwana ni mzani mmoja, haigawanyiki. "Nchi" ni miwili. Ukikuta kipande kina saba, kwanza jishuku mwenyewe, kisha mshuku mchapaji, halafu ndiyo umshuku Hemedi.

Pa kukwama pa pili ni mwaka. Utenzi unatajwa kwa 1307 Hijria. Mwaka huo ulianza mwishoni mwa Agosti 1889, wakati vita vilikuwa vimeanza Pangani tangu Agosti 1888, pale wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipopandisha bendera ya kampuni. Yaani tarehe inaangukia upande wa mwisho wa vita. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa hiyo tengeneza karatasi moja pembeni yenye majina manne: Abushiri bin Salim, Bwana Heri wa Saadani, Zelewski, na Wissmann aliyeletwa kuvimaliza vita. Kila tukio liweke mbele ya jina lake. Bila karatasi hiyo utasoma beti nyingi bila kujua nani anampiga nani.

Al-Inkishafi ije baadaye, tena pole pole. Ile ni ya kukaa nayo.


Mshambaa wa Soni

Naunga mkono hoja, ila bara ya mkoa huu nayo isisahauliwe. Historia: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy. Kilianza kuchapwa kwa mafungu na misheni ya Magila, na toleo ambalo watu wanalo likatoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nusu ya kwanza inajisoma yenyewe. Mbega, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, anafukuzwa kwao Ungulu, anakuwa mwindaji wa nguruwe, anapata rafiki huko Kilindi, rafiki anakufa mawindoni, Mbega anakimbilia Usambaa na nyama yake, mwisho anakaa Vuga ni mfalme. Ni hadithi ya kusimulia watoto.

Nusu ya pili ndipo watu wanafungia kitabu. Kimweri ye Nyumbai akishafariki, watoto na wajukuu wanagawanyika, Semboja huku, Shekulwavu kule, na mwandishi anataja kila mtu kana kwamba mlilelewa naye nyumba moja. Chora ukoo: Mbega juu, Bughe, Kinyashi, Kimweri, halafu matawi. Acha nafasi pana chini ya Kimweri, utaihitaji. Kumbuka pia kwamba mwandishi aliwatumikia watawala haohao, kwa hiyo nusu ya kwanza ni masimulizi aliyoyapokea na ya pili ni mambo ya zama zake. Visomwe kwa masikio mawili tofauti: cha kwanza kama ngano ya kuhalalisha ufalme, cha pili kama ushahidi wa mtu mwenye upande.


Kobe wa Makorora

Mbona mmejaa mababu tu humu? Riwaya za upelelezi hazina heshima?


Bi Mkubwa wa Chumbageni

Zina heshima mwanangu, tena kubwa.

Mlango wa upelelezi ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilitoka 1960. Mpelelezi ni Bwana Msa na kiko chake, msaidizi wake Najum pembeni. Wasomaji wa siku hizi hukwama kwa sababu wanangoja risasi. Bwana Msa hapigi risasi, anasikiliza. Sasa mtu akikuta kurasa tatu za mazungumzo anaziruka kutafuta tukio, na ushahidi wote umo kwenye yale mazungumzo aliyoyaruka! Mwishoni analalamika kuwa suluhisho limedondoka kutoka mbinguni.

Fanya hivi. Kwa kila mhusika andika mambo mawili: alisema alikuwa wapi, na ni mtoto wa nani. La pili ndilo muhimu zaidi, maana kwa mwandishi huyu fundo la kisa mara nyingi limefungwa kwenye nasaba. Nani kazaa na nani, nani kalelewa wapi, nani kafichwa jina. Sisemi zaidi, nitawaharibia. Ukikipenda endelea na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, na Mwana wa Yungi Hulewa. Kosa la Bwana Msa usikiguse mpaka umzoee Msa mwenyewe, la sivyo ladha ya kosa haipo.

Anayetaka mbio aende kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, aanze na Kufa na Kupona, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, aanze na Salamu Kutoka Kuzimu. Hizo si za upelelezi wa kufumbua fumbo, ni za ujasusi, sheria zake nyingine. Humo usiulize "nani?", uliza "atatokaje?" Ukizisoma kwa kalamu kama za Bwana Msa utajichosha bure. Katikati ya kambi hizo mbili kuna Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, 1965. Kifupi, na kinafaa sana kwa asiyejua yuko kambi ipi.


Kobe wa Makorora

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimenyooshwa.


Msomaji wa Raskazone

Sasa Kezilahabi. Najua hapa patachimbika.

Mpangilio wangu ni huu: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), ndipo Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni mpangilio wa miaka ya kutoka, lakini una faida: unaona mtu akiacha kidogo kidogo kusimulia na kuanza kuuliza. Rosa ni kisa cha binti wa Ukerewe kilichonyooka kama rula. Kwenye Kichwamaji kisa bado kipo lakini wahusika wanaanza kubishana kuhusu maana ya kuishi. Nagona hakuna kisa cha kushika.

Sasa Nagona ni kijembamba, ndiyo mtego wake. Mtu anaona wembamba anadhani atakimaliza jioni moja. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza usitafute chochote, pita tu kama unayepita kwenye ndoto ya mtu. Mara ya pili weka alama kila panapotokea jina la mwanafalsafa au ishara ya dini, maana anazichanganya makusudi. Ukitafuta "hadithi inahusu nini" mara ya kwanza utakasirika.


Malenga Asiyelipwa

Samahani mgosi, Nagona ni kiburi tu. Kitabu kisichoweza kusimuliwa na mtu aliyekisoma kina kasoro. Na Kichomi pia. Mashairi yasiyo na vina ni insha iliyokatwa vipande.


Msomaji wa Raskazone

Hilo la Kichomi lilibishaniwa tangu 1974 ndugu yangu, wala hatutalimaliza leo. Ila pima kwa haki. Chukua Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi, cha 1954, soma anavyotaka shairi liwe: vina, mizani, kutosheleza kwa ubeti. Kisha soma Kichomi ukiwa na kitabu kile mkononi. Utaona Kezilahabi hakuvunja sheria kwa kutozijua. Anaweka uzito kwenye picha na kwenye mkato wa mstari. Ukisoma mashairi yake kwa mahadhi ya kuimba yanapwaya, kweli. Yasome kwa sauti ya mtu anayesema jambo zito polepole, ukipumua pale mstari unapokatika. Kama bado hayakugusi, basi hayakugusi, hakuna ugomvi.

Kuhusu Nagona, hata ndoto haisimuliki vizuri na bado mtu anaamka na jasho.


Malenga Asiyelipwa

Nimekuelewa, sijakubali. Tuendelee.


Dada wa Mikanjuni

Nina swali la kweli. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla kila mtu anaisifu, lakini Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinanishinda ukurasa wa pili. Nifanyeje?


Malenga Asiyelipwa

Hapo umekuja kwangu dada. Kimvita hakishindi, kina funguo chache tu.

Ufunguo wa kwanza: mahali pengi sisi tunaposema "ch", wao wana "t". Kuacha ni kuwata, macho ni mato. Shairi la Siwati maana yake ni "siachi", na ukishajua hilo tu shairi zima limefunguka, maana ndiyo msimamo wa mtu aliyefungwa. Ufunguo wa pili: "j" yetu mara nyingine kwao ni "d" baada ya "n", njoo inakuwa ndoo, njia inakuwa ndia. Ukikuta "ndoo" usidhani anatafuta maji! Ufunguo wa tatu ni mkato: viambishi hubanwa ili mizani itoshe, kwa hiyo neno likionekana fupi mno lirefushe kwanza kichwani.

Halafu weka historia mahali pake. Mashairi yale yaliandikwa gerezani kati ya 1969 na 1972, baada ya mwandishi kufungwa kwa ajili ya karatasi yake ya Kenya: Twendapi? Asiyejua hilo atadhani "mamba" ni mnyama wa mtoni tu, si mtawala, na atapita zake.

Wasiotaka lahaja kabisa waanze na Diwani ya Mnyampala. Na wanaotaka mashairi ya mama kwa binti wachukue Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858. Una beti mia na kidogo tu. Lahaja ni ya kaskazini, lakini mada ni nyumba, adabu na mume, hivyo muktadha unakusaidia kubahatisha maneno. Kubaliana naye au mpinge, ila msome kwanza.


Baraza la Ngamiani

Tamthilia hamjagusa.


Kijana wa Jukwaa

Naomba niseme mimi. Tamthilia haisomwi, inasemwa. Kosa la kwanza la msomaji wa tamthilia ni kuisoma peke yake, kimya. Kaeni watu saba au wanane, gawaneni nafasi, wengine washike mbili mbili. Mmoja asome maelezo ya jukwaani tu, hilo ni muhimu. Mkiyaruka hamtajua nani kaingia na nani katoka.

Anzeni na Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, 1969. Jioni moja inatosha. Mahali pa kuangalia ni tofauti kati ya alichosema Kinjeketile na walichosikia watu, maana neno likishatoka mdomoni halimtii tena mwenyewe. Kila mtu anapolitaja neno "maji", sitisheni na mjiulize hapa lina maana gani. Mwishoni anapotakiwa kuyakana maji, na jibu analotoa, mtaona kwa nini hesabu hiyo ilikuwa ya lazima. Vita vya Maji Maji ni vya 1905 hadi 1907, lakini msimchukulie huyu wa jukwaani kuwa nakala ya Kinjikitile Ngwale wa historia. Mwandishi kamchonga kwa kazi yake.

Mashetani (1971) ifuate baadaye. Inaanza na Shetani na Binadamu, na msomaji asiye na zoezi hajui kuwa ule ni mchezo ndani ya mchezo. Kwa wanaotaka kucheka na kuuma meno kwa pamoja, Nguzo Mama cha Penina Muhando: wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo, na wanaitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea. Msomaji hukwama kwa kuwachanganya. Mpe kila mmoja sauti yake toka mwanzo na msibadilishane.


Mtu wa Bandari

Riwaya za Adam Shafi. Wachapaji walizitoa kwa mpangilio mmoja, matukio yana mpangilio mwingine, na msomaji anachanganyikiwa siasa za Unguja. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978, Kuli 1979, Vuta N'kuvute 1999. Lakini ukizisoma kwa wakati wa matukio, anza na Kuli, inakupeleka kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Kisha Vuta N'kuvute, siku za mwisho za Mwingereza, Yasmin aliyeozwa kwa Bwana Raza. Kisha Kasri, maisha ya shamba na ya kasri hadi Mapinduzi ya 1964. Haini mwisho, maana ni gerezani baada ya mauaji ya Rais Karume ya 1972. Zikipangwa hivyo zinakuwa historia moja ndefu ya kisiwa.

Vuta N'kuvute ina filamu ya Amil Shivji, 2021. Soma kitabu kwanza. Filamu ni nzuri, lakini ikitangulia itakupa sura za watu na hutaziondoa tena.


Bi Mkubwa wa Chumbageni

Kwenye wasifu niongeze neno dogo. Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert unakwama kwa wanaotaka tarehe na orodha ya santuri. Kweli ana safari ya Bombay ya 1928 ya kurekodi, lakini mwandishi anachojenga ni heshima ya mwanamke aliyetoka chini, na mawaidha yanapita kati ya kila tukio. Msisome kwa haraka ya kutaka kujua "kisha ikawaje". Maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe ni kinyume kabisa: huyo hana mawaidha, ana pembe, madeni, vita na umbali tu, ukavu mtupu. Ukisoma viwili hivi kwa wiki moja unajifunza aina mbili za kusimulia maisha.

Ndugu zetu wa Bagamoyo nao wasinune: Desturi za Wasuaheli, 1903, cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ndoa, mazishi, ngoma, utani, uganga. Hicho hakisomwi mfululizo, kinafunguliwa kama kabati.


Mkalimani

Tafsiri nazo ni fasihi. Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka 1963, akairudia kwa masahihisho ikatoka tena 1969. Mwaka huohuo Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice. Ukiweza kupata matoleo yote mawili ya Kaizari, yafungue ukurasa kwa ukurasa. Ni shule ya tafsiri: unamwona mtu akijisahihisha mbele yako. Na lile neno "mabepari"! Mwingereza kasema mfanyabiashara tu. Neno moja la jalada limeshatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa, na 1969 ni miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mimi naona kazidisha, lakini kazidisha kwa akili.

Wanaokwama humo ni wanaotafuta vina. Hamna. Kaacha mistari isiyo na vina kama ilivyo asili yake, kwa hiyo soma hadi kwenye nukta, usisimame kila mwisho wa mstari.

Shamba la Wanyama cha Fortunatus Kawegere (1967) ni chepesi, mpeni hata mwanafunzi. Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Soma Tippu Tip aliyetajwa hapo juu, kisha Peponi. Misafara ileile ya kwenda bara, mara hii kwa macho ya kijana aliyetolewa rehani.


Mvuvi wa Maneno

Kwa wenye subira: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza. Kaimaliza kwa Kikerewe 1945, kwa Kiswahili imetoka 1980. Ni nene. Watu wanaiacha pale kisa kinaposimama kuelezea utengenezaji wa pombe ya ndizi, hatua kwa hatua. Msiruke! Myombekere anaitengeneza ili arudishiwe mkewe, kwa hiyo kila hatua ya kuivundika ndizi ni hatua ya kumrudisha Bugonoka. Ukiona hivyo, sura iliyoonekana ya mapishi inakuwa sura ya mapenzi. Kurasa ishirini kwa siku, si zaidi.

Bunilizi ya sayansi, kama mnaiulizia, ni Walenisi cha Katama Mkangi, 1995. Likate jina lenyewe: wale-ni-sisi. Nimemaliza.


Dada wa Mikanjuni

Kamusi ipi nikae nayo?


Mkalimani

Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA (2015), yoyote inatosha kwa riwaya. Kinachowashinda watu ni kutafuta. Usitafute "nyimbo", tafuta wimbo. "Ndimi" ipo kwenye ulimi. "Kuelekezana" haipo kwenye k, rudi kwenye shina, elekea, elekeza. Kivumishi kitafute bila kiambishi: "vizuri" iko kwenye -zuri. Kwa maneno ya tenzi za kale kamusi hizo hazitoshi, tegemea maelezo ya mhariri wa toleo, na ununuapo hakikisha kurasa za maelezo hazikuachwa na aliyetoa kopi.


Fundi Majalada

Mnavisifu vitabu, sasa mvitunze. Mji huu ni wa unyevu, na hewa ikipita kama asilimia 65 ya unyevu ukungu unaanza. Matoleo mengi ya miaka ya 60 na 70 yamechapwa kwenye karatasi ya bei nafuu yenye asidi, ndiyo maana inakuwa kahawia na kuvunjika kwenye mkunjo. Hilo haliponi, linacheleweshwa tu.

Rafu ikae mbali na ukuta kama upana wa vidole vinne, na isiwe ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Vitabu visibanane mpaka hewa ikose njia. Usivifunge kwenye mfuko wa plastiki ukadhani umevilinda; unaufungia unyevu ndani pamoja navyo. Ukungu ukitokea, usifute kwa kitambaa chenye maji. Kipeleke kitabu nje kivulini penye upepo, kiache kikauke kabisa, ndipo usugue kwa brashi laini, uso ukiwa umefunikwa kitambaa. Jua kali usilitumie: linaua ukungu, na gundi ya mgongo inapasuka.

Wadudu wanaotoboa: kitabu kikavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri (hapa ndipo plastiki ina kazi), kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo umande unatua kwenye kurasa.

Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu. Gundi yake inapenya, inakuwa njano, na baadaye plastiki inabanduka gundi ikibaki. Pika uji wa unga wa ngano, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, moto mdogo, koroga mpaka uwe mzito unaong'aa, uache upoe. Paka kidogo sana kwenye kamba ya karatasi nyembamba, bandika, weka plastiki juu na chini ya ukurasa, kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Ukipaka mwingi ukurasa unajikunja, na mende wanakuja kula. Uji wa juzi umwage, kwa joto hili unachacha.


Kobe wa Makorora

Fundi, kurasa zilizogandamana baada ya kulowa na mvua nazo? Ni Mzimu wa Watu wa Kale, tena kurasa za mwisho. Muuaji kanaswa humo ndani.


Fundi Majalada

Usivute! Kama bado kimbichi, kisimamishe wima, kurasa zifunguke kama kipepeo, mbele ya feni, na kila saa ubadilishe karatasi nyeupe kavu uliyoipachika katikati ya kurasa. Gazeti usitumie, wino unahama. Kama kimeshakauka kikiwa kimegandamana, pitisha kisu butu cha siagi kuanzia kona ya juu, ukurasa mmoja mmoja, ukisikia kinakwama unasimama na kuingilia upande mwingine. Palipo na picha au karatasi ya kung'aa hapatoki, pameungana. Riwaya hiyo haina karatasi ya kung'aa, ila jalada lake usiliguse.


Bi Mkubwa wa Chumbageni

Na mkishindwa msiniulize muuaji ni nani. Nendeni maktaba.